Nani Anakaa Benchi? Michezo ya Vijana Parokiani na Somo kwa Sharika Zetu

Kombe lile bado liko katika ofisi ya usharika wetu, juu ya kabati la madaftari ya mahudhurio. Vijana wetu walilitwaa katika mashindano ya mpira wa miguu ya sharika za jirani. Jumapili iliyofuata tuliwaita mbele ya madhabahu, akina mama wakapiga vigelegele, nasi tukawaombea na kuwapongeza. Jambo ambalo hatukulitangaza siku ile ni kwamba wachezaji watatu kati ya wale kumi na mmoja walikuwa mamluki. Hawakuwa washarika, hawakuwa wanafunzi wa kipaimara, wala hapakuwa na mwanakwaya aliyejua majina yao. Tuliwatafutia nauli na chakula kwa sababu tulisikia kwamba wenzetu nao wamefanya hivyo. Sisi viongozi tulijua, tukanyamaza.

Ili hao watatu wacheze, vijana wetu watatu walikaa benchi. Mmoja wao hakuwa amekosa mazoezi hata siku moja. Baada ya mchezo ule hakurudi uwanjani, na baada ya miezi michache hakuonekana tena hata ibadani. Mzee wa kanisa alipomtembelea mama yake, alijibiwa kwa upole: "Mzee, mtoto anasema kumbe hata kanisani kuna wenye nafasi na wasio na nafasi." Maneno hayo yametunyima usingizi kuliko mahubiri mengi tuliyowahi kuyasikia.

Ndiyo maana katika makala hii tumeamua kuutazama kwa makini mpango wa michezo ya vijana ambao ndugu zetu Wakatoliki wameuendesha kwa muda mrefu. Hatufanyi hivyo ili kuwasema majirani. Bwana wetu alikwisha kutuonya juu ya kibanzi kilicho katika jicho la ndugu na boriti iliyo katika jicho letu. Tunawatazama kwa sababu wametutangulia katika njia hii, na aliyetangulia huonyesha mahali penye daraja na mahali penye shimo.

Ulingo wa Chicago

Mpango tunaousema ulianzia Chicago, Marekani, mwaka 1930. Mwanzilishi wake ni Bernard Sheil, askofu msaidizi wa jimbo kuu la Chicago, na jina lake ni Catholic Youth Organization, au kwa kifupi CYO. Nyakati zilikuwa ngumu. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeanguka, baba wengi walikuwa hawana kazi, na magenge ya wahalifu yaliwapokea vijana kwa mikono miwili. Sheil alikuwa amewahi kuwahudumia wafungwa, na huko aliwaona vijana wakingojea kunyongwa. Aliona kwamba Kanisa lilikuwa likifika kwa vijana hao likiwa limechelewa, wakati ambapo kilichobaki ni kuwasindikiza kaburini.

Basi akaanza na mpira wa kikapu na ngumi. Ndiyo, ngumi! Wapo walioshangaa kuona askofu anajishughulisha na ulingo. Lakini alielewa kwamba kijana wa mtaani hawezi kuitwa kwa tangazo la semina peke yake. Zaidi ya hayo, milango ya CYO ilikuwa wazi kwa weusi na weupe, kwa Wakatoliki na kwa wasio Wakatoliki, katika nchi ambayo wakati ule ubaguzi wa rangi ulikuwa jambo la kawaida. Mabondia waliolelewa humo walifika hata Berlin katika Olimpiki ya mwaka 1936 wakiiwakilisha Marekani. Sheil aliachia uongozi wa CYO mwaka 1954, lakini mpango ulikuwa umekwisha kuenea katika majimbo mengine. Hadi leo Los Angeles, Cleveland na Indianapolis zina michezo ya vijana chini ya jina hilo.

Hapa kwetu nako tunaifahamu roho ya namna hiyo kupitia njia nyingine. Wapenzi wa mpira wa kikapu jijini Dar es Salaam wanavijua viwanja vya Don Bosco kule Upanga, na si wote wanaocheza pale ni Wakatoliki.

Mambo matatu wanayotushinda

Tukitazama jinsi mpango huo unavyoendeshwa katika parokia za Marekani, tunakuta mambo matatu ambayo sisi hatuna budi kuyakubali bila kiburi.

La kwanza ni utaratibu wa usajili. Kila parokia huwa na mratibu wa michezo, makocha wengi ni wazazi wanaojitolea, na ofisi ya jimbo (kwetu tungesema dayosisi) hupanga ratiba na kusikiliza malalamiko. Kwa kawaida mtoto huchezea parokia anayosali, au ile anayosoma shuleni kwake au kufundishwa dini. Kanuni hii inaonekana kavu, lakini kazi yake ni kumlinda mtoto wa nyumbani asipokonywe jezi yake na mgeni aliyekodiwa. Laiti tungekuwa nayo, yule kijana wetu angecheza.

La pili ni nafasi ya kucheza. Katika majimbo mengi, hasa kwa watoto wadogo, kocha hulazimika kumpa kila mtoto aliyekuja na jezi yake sehemu fulani ya mchezo. Hata kama ni mzito wa miguu, hata kama mpira unamponyoka, ataingia. Kocha asiyemchezesha hujibu kwa wakubwa.

La tatu ni ulinzi wa watoto, na hapa ndugu zetu walijifunza kwa machozi. Kashfa za udhalilishaji wa watoto zilipofichuliwa, maaskofu Wakatoliki wa Marekani walikutana Dallas mwezi Juni 2002 na kupitisha mkataba wa kuwalinda watoto na vijana. Tangu hapo, mtu anayetaka kuwafundisha watoto wa parokia mpira huchunguzwa mwenendo wake wa nyuma na kupewa mafunzo kabla ya kukabidhiwa timu. Sisi je? Katika sharika zetu nyingi, mtu akijua mpira na akiwa na filimbi, tayari ni kocha. Anasafiri na watoto wetu, analala nao kambini, na hakuna aliyeuliza alikotoka. Je, tunangoja machozi yetu wenyewe ndipo tujifunze?

Mahali walipojikwaa

Lakini kanuni nzuri haizai moyo mzuri yenyewe. Mwaka 2001, katika Chicago ile ile ya Askofu Sheil, parokia ya Mtakatifu Sabina, ambayo waumini wake wengi ni weusi, iliomba kujiunga na ligi ya parokia za upande wa kusini wa jiji. Parokia hizo nyingi zilikuwa za weupe. Viongozi wa ligi walipiga kura, na waliokataa wakawa wengi. Sababu iliyotolewa ilikuwa usalama: wazazi waliogopa kuwapeleka watoto wao katika mtaa ule. Jambo hilo likaleta fadhaa kubwa. Kardinali Francis George alisimama kutaka parokia hiyo ikubaliwe, na uamuzi ukabadilishwa. Hata hivyo, kabla mwaka haujapita sana, Mtakatifu Sabina ilijitoa, ikilalamika kwamba watoto wake walitendewa vibaya na kutukanwa kwa rangi yao.

Tulitafakari habari hii kwa muda mrefu. Miaka 70 kabla yake, vijana weusi na weupe walipanda ulingo mmoja chini ya askofu. Baadaye watu wa meza moja ya Bwana walishindwa kukaa kwenye uwanja mmoja wa kikapu. Mpango ulikuwepo, sala kabla ya mchezo ilikuwepo, na misalaba ilikuwa ukutani. Tena ile kanuni tuliyoisifu, ya mtoto kuchezea parokia yake, ndiyo iliyofanya mpaka wa parokia ugeuke kuwa mpaka wa rangi. Sheria inaweza kumzuia mamluki asiingie. Haiwezi kumfanya mtu ampokee ndugu.

Mfano wa pili ni wa mwaka 2017, katika mji wa Clark, New Jersey. Timu moja ya parokia, ya watoto wa darasa la tano, ilikuwa na wavulana na wasichana wawili waliokuwa wamecheza pamoja kwa miaka kadhaa. Msimu ukiwa unaelekea mwisho, ligi ikasema kanuni hairuhusu timu ya mchanganyiko. Watoto wakaambiwa kwamba wasichana wale wakiingia uwanjani, timu itahesabiwa kuwa imeshindwa. Waliulizwa wanataka nini. Wakanyoosha mikono: afadhali kushindwa pamoja kuliko kushinda bila wenzao. Watoto wa miaka kumi na kumi na mmoja waliielewa injili kuliko kitabu cha kanuni cha watu wazima, na tunaona haya kusema kwamba waliielewa kuliko sisi wa kombe la kabatini.

Lipo pia shimo la tatu, nalo ni la hatari kwa sababu linafanana na uinjilisti. Mara nyingi tunasikia viongozi wa kanisa wakisema kwamba michezo ni chambo cha kuwavuta vijana. Hoja ya Askofu Sheil nayo ilikuwa na harufu hiyo. Lakini kijana si samaki. Akigundua kwamba mpira ni ndoano tu, ataondoka na mpira wake. Na kule Marekani malalamiko yanayosikika mara nyingi ni kinyume chake: familia zinajaa kwenye uwanja wa parokia Jumamosi, kisha hazionekani kanisani Jumapili. Chambo kimeliwa, ndoano imebaki tupu.

Waraka wa Roma na neema uwanjani

Tarehe 1 Juni 2018 Vatikani, kupitia idara yake inayoshughulikia walei, familia na maisha, ilitoa waraka kuhusu mtazamo wa Kikristo juu ya michezo. Ni maandiko mazuri, na tunawashauri viongozi wa vijana wayasome. Unafundisha kwamba mwanadamu ni mwili na roho pamoja, na kwamba michezo ni ya watu wote. Unataja bila kuficha maovu ya michezo ya leo: miili kutumiwa kama mashine, dawa za kuongeza nguvu, rushwa, na mashabiki wanaovuka mipaka.

Ukosoaji wetu ni mmoja. Waraka huo unazungumza sana juu ya mtu kutoa kilicho bora ndani yake. Ni neno jema. Lakini mtoto ambaye kilicho bora ndani yake hakitoshi kumpa namba anahitaji kusikia neno lililo kabla ya hilo. Hapa urithi wetu wa Kilutheri una la kusema. Tunafundisha kipaimara kwamba mtu huhesabiwa haki kwa neema, kwa njia ya imani, pasipo matendo. Hatujapewa nafasi mbele za Mungu kwa sababu ya kiwango chetu. Kama tunaamini hivyo madhabahuni na kisha uwanjani mtoto wa kanisa anapata jezi kwa kiwango peke yake, basi tumemhubiria injili mbili, naye ataiamini ile ya uwanjani, kwa kuwa ndiyo aliyoiona kwa macho. Kanuni ya Wakatoliki ya kumchezesha kila mtoto ni ya Kilutheri kuliko desturi za Walutheri wengi.

Wapo watakaosema: kumwingiza asiyejua ni kumdanganya, na mashindano ni mashindano. Tunakubali kwamba kushindana si dhambi. Mtume Paulo aliutumia mfano wa wapigao mbio alipowaandikia Wakorintho. Mpumbavu tu ndiye atakayemwambia mtoto kwamba ni hodari wakati si hodari. Lakini yule mtoto hakuomba kuambiwa kuwa ni hodari. Aliomba dakika kumi za kuchezea usharika wake.

Tunayopaswa kufanya

Tunapendekeza mambo manne kwa mabaraza ya wazee. Kwanza, mtoto achezee usharika anaoabudu, na orodha ya wachezaji isainiwe na mchungaji, ambaye naye awe anawajua. Pili, kila aliyehudhuria mazoezi acheze. Tatu, asiwepo kocha anayekabidhiwa watoto bila wazee kumchunguza na bila mtu mzima wa pili kuwepo kambini na safarini. Nne, tumheshimu kocha kama mtu mwenye wito. Luther aliandika mwaka 1522 kwamba baba anayefua nepi za mtoto wake kwa imani anafanya kazi inayompendeza Mungu. Anayemfunga mtoto kamba za viatu kando ya uwanja yuko katika safu hiyo hiyo.

Tulipoleta hoja ya kulirudisha kombe, baraza letu liligawanyika. Wengine walisema ni jambo la zamani, na kwamba tutawaaibisha vijana waliocheza kwa jasho lao. Mwishoni tumekubaliana kuwaandikia wenzetu barua ya kukiri, na wao ndio waamue juu ya kombe.

Kwa yule kijana tulikwenda wenyewe, mchungaji na mzee wa kanisa, tukamwomba msamaha mbele ya mama yake. Alitusikiliza akiwa ameinamisha kichwa, akatushukuru kwa kufika, akatusindikiza hadi barabarani. Hajarudi bado. Jezi yake tumeiweka, na hatutampa mtu mwingine. Tunawaomba ninyi msomao mtuombee, na kisha mtazame benchi la usharika wenu, ni nani amekaa pale.