Mkono Unaopiga na Moyo Uliosamehe

Msomaji, hadithi ya kisasi ni rahisi kuandikwa. Mtu atendewa uovu, atafuta nafasi, nafasi yapatikana, deni lalipwa, nasi twafunga kitabu tumeshiba. Hadithi ya msamaha ni kazi ngumu zaidi, maana mwandishi hutunyima shibe hiyo kwa makusudi, na yampasa atupe kitu kingine badala yake. Wengi hushindwa hapo. Humfanya msamehevu kuwa mnyonge asiye na uwezo wa kulipiza, kisha hututaka tumsifu. Kuku hasifiwi kwa kutomrarua mwewe.

Shaaban Robert aliijua hatari hiyo alipoandika Adili na Nduguze, kitabu kilichotolewa mwaka 1952. Adili anawapokea ndugu zake waliofilisika, anagawana nao mali yake, nao kwa wivu wanamtupa baharini. Anaokolewa na Huria, binti wa mfalme wa majini, ambaye zamani Adili alimwokoa. Huria ataka kuwaua wahalifu. Adili awaombea, naye awageuza manyani, kisha amwamuru Adili awapige kila usiku.

Tazama jambo hili kwa makini, maana ndilo lililo bora katika kitabu chote. Adili amekwisha kusamehe, lakini mkono wake hauna ruhusa ya kusamehe. Usiku hupiga, na akiisha kupiga huwalisha manyani wale na kuwabembeleza kwa majonzi. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, aonapo mambo hayo hudhani ameona ukatili, na Adili aitwa kujieleza mbele ya mfalme apendaye sana wanyama. Waama, ni kejeli kali: mtu mpole kuliko wote hadithini ndiye ashtakiwaye kwa ukali! Hapa kisasi kimekuwa amri itokayo nje, nayo yamwumiza apigaye pamoja na wapigwao. Mfalme aingilia kati, na manyani warudi kuwa watu.

Kasoro moja siwezi kuifumbia macho. Ndugu hao waitwa Hasidi na Mwivu. Mwandishi ametupa hukumu kabla ya kutupa ushahidi, na msomaji hana nafasi ya kuwapenda hata siku moja, ilhali uchungu wa usaliti ni kwamba msaliti alipendwa.

Sasa linganisha na Tufani, mchezo ambao Shakespeare aliuandika yapata mwaka 1611, na ambao S. S. Mushi aliufasiri kwa Kiswahili mwaka 1969. Prospero alinyang'anywa utawala wa Milan na nduguye Antonio, akatoswa baharini katika chombo kibovu pamoja na binti yake mdogo. Baada ya miaka 12 kisiwani, dhoruba aliyoiamuru mwenyewe kwa uganga wake yawaleta adui zake mikononi mwake. Ariel, pepo amtumikiaye, amweleza jinsi mateka wanavyoteseka, na kwamba yeye mwenyewe angewahurumia lau angalikuwa binadamu. Prospero aona haya kwamba pepo, aliye hewa tupu, aonyesha huruma kabla yake, naye akata shauri kuacha kisasi.

Umeona tofauti? Kwa Shaaban Robert jini ashikilia adhabu na mwanadamu aomba rehema. Kwa Shakespeare pepo amwonyesha mwanadamu njia ya rehema. Prospero ana uwezo wote, wala hana wa kumlazimisha. Kwa hiyo msamaha wake una uzito, ingawa hauna utamu: amsamehe nduguye kwa maneno makali, na papo hapo adai utawala wake urudishwe. Wako wasomaji wasemao huo si msamaha. Mimi naona ni msamaha wa mtu aliyeumia kweli.

Na Antonio ajibu nini? Alonso, mfalme wa Naples aliyeshiriki njama ile, aomba radhi waziwazi. Antonio hatamki hata neno moja la toba. Baadaye asema maneno machache tu, nayo ni mzaha juu ya Caliban, kiumbe wa kisiwani. Fungua onyesho la mwisho ulisome kwa sauti pamoja na wenzako, na mmoja wenu asimame mahali pa Antonio, anyamaze, wakati wengine wote wanapozungumza.