Terminali za Linux na Kiswahili cha Hati ya Kiarabu

Wanaozisifu programu za terminali katika Linux huzipima kwa wepesi, kwa rangi na kwa uzuri wa fonti. Vipimo hivyo havimtoshi mtu afanyaye kazi ya lugha. Mtafiti mwenye beti elfu za utenzi alizozinakili katika kompyuta huifungua terminali ili alitafute neno moja kwa amri ya grep. Na ikiwa neno hilo litaonyeshwa kinyume, rangi zitamfaa nini?

Chanzo cha taabu ni cha zamani. Programu hizi huiga chombo, na kilichoigwa zaidi ni VT100, kilichotolewa na kampuni ya Digital Equipment Corporation mwaka 1978. Kioo chake kiligawanywa mistari 24, kila mstari vyumba 80, na kila chumba herufi moja, kuanzia kushoto. (Hesabu ya 80 ni ya kale zaidi: ndiyo ya kadi za kutobolewa za IBM za mwaka 1928.) Chombo kimekwisha kuondoka mezani, vyumba vyake vimebaki. Hati ya Kilatini haikupata dhara. Hati ya Kiarabu huenda kutoka kulia, herufi zake hushikana na kubadili umbo, na alama za irabu hazina chumba chao.

Litazamwe neno kitabu katika xterm, programu iliyoanzwa mwaka 1984. Kafu huwekwa kushoto kabisa, be kulia, nazo zimesimama mbalimbali kama watu waliogombana. Haki ya mzee huyu isipunjwe: alama za irabu hazitupi, na chumba kimoja kwa kawaida huchukua mbili, hata shada na fataha hukaa pamoja. Alacritty, iliyotangazwa mwaka 2017 kuwa yenye mbio kuliko zote, haikuuondoa upungufu huo wa mwelekeo. Kulionyesha neno kinyume kwa haraka si sifa.

Wanaostahili kuzingatiwa ni mlterm, Konsole, na GNOME Terminal tangu mwaka 2019, kwa kuwa hizi huugeuza mstari na kuziunga herufi. Walakini hapa ndipo penye mtego ambao wasifuji hawautaji. Mhariri Emacs, tangu toleo la 24 la mwaka 2012, huugeuza mstari mwenyewe kabla ya kuupeleka kwenye terminali. Terminali nayo ikiugeuza, maandishi hurudi yalikotoka, na mtafiti hudhani kuwa nakala yake imeharibika. Huenda akaanza kusahihisha kisichokuwa na kosa. Na faili lililokuwa salama likaharibiwa na mkono wa mwenyewe. Vim imefuata njia ya adabu zaidi: ina chaguo liitwalo termbidi, la kuiambia kwamba kazi ya kugeuza imeachiwa terminali.

Kwa hiyo kuipanga terminali ni kuamua nani ageuze. Konsole yafaa zaidi, si kwa uzuri wake, bali kwa sababu ugeuzaji huwashwa na kuzimwa katika profaili, na mtu aweza kuweka profaili mbili: moja yenye kugeuza, kwa kusoma na kutafuta, ya pili isiyogeuza, kwa Emacs. Katika mlterm jambo hilo huandikwa katika faili la mipangilio, nalo si gumu kwa aliyezoea.

Fonti ni jambo la pili. DejaVu Sans Mono inazo herufi za Kiarabu, pamoja na pe na che zenye nukta tatu, ambazo mwandishi wa Kiswahili hawezi kuziacha. Ichaguliwe kubwa kuliko mtu apendavyo kwa Kilatini, kwani katika ukubwa wa kawaida nukta moja ya be na tatu za pe hazitengani vema machoni. Hata hivyo alifu hupewa upana uleule wa sini, na neno likavutwa bila ya sababu. Ukurasa wa namna hiyo watosha kutafutia na kuhesabia. Nakala ya kupeleka mtamboni isomwe kwingine.