"Kijana Hatari" Ni Nani?

Karatasi ya mafunzo ya walimu iliyotufikia hapa Jangwani yaeleza tafiti za picha za ubongo kuhusu vijana na kujiua. Sentensi zake ni nyofu, nasi twamsifu mfasiri. Lakini istilahi zake zina kasoro mbili nzito.

Kwanza, wanaochunguzwa wameitwa "vijana hatari". Mtu hatari huogopwa, kama jambazi. Hawa ni wa kulindwa. Isemwe "vijana walio hatarini". Na panapohusu hesabu, neno ni "uwezekano", kwani kipimo cha MRI huonyesha tofauti ndogo za wastani baina ya makundi. Hakimtabirii mtoto mmoja mmoja.

Pili, "kujidhuru" na "kujaribu kujiua" yamefanywa visawe. Wapo wanaojiumiza bila nia ya kufa. Wataalamu huwatenga, nasi hatuna budi kuwatenga.

Hapa neno lina uzito wa kisheria. Tangu ukoloni, Kanuni ya Adhabu yetu imelihesabu jaribio la kujiua kuwa jinai. Kenya, Mahakama Kuu ilitamka kifungu kama hicho kuwa kinyume cha Katiba, Januari 2025. Mwalimu aliyepotoshwa na tafsiri aweza kumpeleka polisi mwanafunzi aliyestahili kupelekwa Muhimbili.