Sharti la Kusimulia: Popobawa na Mipaka ya Fasihi Simulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umezoea kuipokea hadithi pale tu inapotangulizwa na fomula yake. Fanani akisema "paukwa" na hadhira ikaitikia "pakawa", mhakiki hujua kwamba yumo katika himaya ya sanaa, na papo hapo huanza kuipanga hadithi hiyo katika hurafa, hekaya, kisakale au kisasili. Lakini upo usimulizi usiobisha hodi kwa namna hiyo. Msimulizi huanza kwa kutaja mtaa, usiku na jirani, kisha akaeleza kioja anachoshikilia kuwa kimetokea juzi. Masimulizi ya namna hii, ambayo huwatisha watu na wakati uo huo kuwaburudisha, yameachiwa wanahabari na wanaanthropolojia, kana kwamba jambo linaloaminiwa haliwezi kuwa na umbo. Makala haya yanadai kwamba umbo lipo, na kwamba katika masimulizi ya Popobawa umbo hilo ndilo linaloizaa hofu yenyewe.

Popobawa, ambaye jina lake linaunganisha popo na bawa, alivuma hasa mwaka 1995. Habari zake zilianza Pemba katika mwezi wa Ramadhani, zikavuka hadi Unguja na baadaye zikafika Dar es Salaam. Alisimuliwa kuwa ni jini aingiaye majumbani usiku, akawakaba watu usingizini na kuwaingilia kwa nguvu, wanaume kwa wanawake. Familia zilivihama vyumba vyao zikakesha nje kandokando ya moto. Hayakuwa masimulizi mapya kabisa. Yalihusishwa na matukio ya Pemba ya mwaka 1965, na ipo kauli kwamba katika miaka ya 1970 shehe mmoja alimwachilia jini huyo ili alipize kisasi kwa majirani, kisha akashindwa kumtawala.

Kiini cha kisanaa cha masimulizi haya ni sharti moja. Popobawa humwamuru aliyemvamia aende akawasimulie watu, akinyamaza, atarudiwa. Mtu aliyezoea ngano atatambua mara moja kwamba hapa desturi imepinduliwa. Miiko ya ngano kwa kawaida ni miiko ya kunyamaza: usifungue chumba hiki, usimwambie mtu ulichokiona, na balaa huanza mdomo unapofunguka. Kwa Popobawa, balaa huanza mdomo unapofungwa. Isitoshe, mwathiriwa hulazimishwa kuyatamka yale ambayo jamii ya mwambao imeyawekea sitara nzito kuliko yote. Mwanamume aliyedhulumiwa kimwili hana lugha ya kulieleza jambo hilo bila kujivunjia heshima. Masimulizi haya yanampa lugha, na tena yanamwondolea lawama ya kuitumia, kwa kuwa si yeye aliyetaka kusema. Fanani wa ngano hutafuta hadhira kwa hiari yake. Huyu ameamrishwa. Na kila anayemsikiliza hupata habari itakayompasa kukumbuka sharti hilo siku zamu yake itakapofika. Ni nadra kuikuta matini ambayo usambazaji wake umeandikwa ndani ya msuko wake waziwazi kiasi hiki.

Hata hivyo, haifai mhakiki kukimbilia kushangilia. Sehemu kubwa ya masimulizi haya haikutolewa na waathiriwa. Ilitolewa na watu waliosikia kwa watu, na mara nyingi kwa kicheko. Katrina Daly Thompson, katika kitabu chake cha mwaka 2017 kuhusu Popobawa, amefanya jambo la maana kwa kuyachunguza mazungumzo yenyewe, utani ukiwemo, badala ya kumsaka jini. Kicheko hicho hakikanushi hofu. Mtu aweza kumfanyia Popobawa mzaha mchana barazani, na usiku akalala uwanjani pamoja na wenzake. Lililo zito zaidi ni kwamba mwaka 1995 huohuo, huko Unguja, mtu mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa. Nadharia yoyote ya uhuru wa msimulizi isiyomkumbuka mtu huyo haijakamilika. Hadithi iliyomtua mmoja mzigo wa aibu ilimtwika mwingine sura ya jini.

Nje ya Afrika Mashariki, Popobawa amegeuzwa kioja cha kuchangamsha wasomaji. Joe Nickell, mchunguzi wa vioja wa Marekani, alieleza mapema kwamba watu hao walipatwa na ile hali ya kuzinduka akili huku mwili ukiwa bado umeganda usingizini. Huenda maelezo hayo ni sahihi kwa kadiri yake. Lakini Kiswahili kina neno "jinamizi" kwa hali hiyohiyo tangu zamani. Waliosema "Popobawa" mwaka 1995 walikuwa na neno jingine mkononi nao wakaliacha, na swali la mhakiki linaanzia hapo.

Wala nadharia ya fantasia haitoi msaada mkubwa. Tzvetan Todorov, katika kitabu chake cha mwaka 1970, aliiona fantasia kuwa ni kusita kwa msomaji kati ya maelezo ya kimaumbile na maelezo ya kimiujiza. Msikilizaji wa Pemba hasiti hapo. Majini kwake ni viumbe vilivyotajwa katika Kurani, na Sura ya 72 imeitwa kwa jina lao. Anachosita nacho ni kama jini huyu aliingia kweli katika nyumba ile, na zaidi ya hayo, ni nani aliyemtuma. Swali hili la pili ndilo lililofungua mlango wa siasa. Mwaka 1995 ulikuwa wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mapinduzi ya 1964, na Martin Walsh ameonyesha jinsi tafsiri za kisiasa zilivyozidi kupachikwa juu ya kioja hiki kadiri muda ulivyopita. Mhakiki anayemsoma Popobawa kama istiari ya dola huwa amechelewa: wasimulizi wenyewe walikwisha kuifanya kazi hiyo, wakaitia ndani ya hadithi.

Tofauti huonekana vyema hadithi hii ikiwekwa kando ya Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, ambayo nayo ina chimbuko lake Zanzibar. Riwaya hiyo huikopa hofu ya mahali pa mizimu, ikautupa humo mwili usio na kichwa, kisha Bwana Msa na kiko chake wakaionyesha hadhira kwamba muuaji ni binadamu. Wahakiki wameupokea mwisho huo kama ushindi wa akili dhidi ya ushirikina. Pengine wameharakisha, kwani upelelezi hujibu nani aliyeua, nao mzimu unabaki mahali pake, ukiwa bado ndio uliolipa kitabu jina na mvuto wake. Lakini angalau riwaya ina sura ya mwisho. Popobawa hana. Alisimuliwa tena mwaka 2001, na mwaka 2007 akasimuliwa Dar es Salaam, kila mara na watu waliojua tayari wanachotakiwa kufanya asubuhi.

Linalokosekana ni mkusanyo wa matini hizi kwa Kiswahili, zikiwa na sauti, vicheko na maingilio ya hadhira, wala si muhtasari wa yaliyotokea. Wahojiwa wengi waliozungumza na watafiti walikuwa pia wakitimiza sharti, na jambo hilo linabadilisha hadhi ya kila neno lililonaswa katika kanda.