Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Msomaji wangu, mwaka 1831 Mfaransa wa miaka 25, Alexis de Tocqueville, alitumwa Marekani kukagua magereza. Alikaa miezi tisa, akaandika kitabu juu ya demokrasia ile changa, kilichotoka kwa sehemu mbili, 1835 na 1840. Ila yake ni kutoa hukumu pana kwa ushahidi mchache. Uzuri wake ni kwamba hakisifu tu wala hakibezi tu: chapenda mikutano ya miji midogo ambamo watu hujiamulia mambo yao, lakini chaonya kwamba walio wengi nao waweza kuwa jabari. Wewe wa Ekerenyo, kisome, kisha uhudhurie baraza la kwenu, utazame kama asemaye peke yake husikilizwa.