Sheria Kubwa ya Inchi, Karani na Shamba



Siku moja baba mmoja wa kijiji alitufikia nyumbani, ameshika karatasi yenye muhuri. Karatasi ilikuwa ya kifaransa, naye hasomi kifaransa. Akatuambia : « Mwalimu, unisomee. » Tukasoma. Karatasi ilisema ya kuwa shamba fulani limepimwa na kuandikwa kwa jina la mtu mmoja anayekaa mjini. Shamba hilo babu yake ndiye aliyelifyeka, na makaburi ya wazee wake yako pembeni mwake. Baba yule alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akauliza neno moja tu : « Mwalimu, sheria kubwa ya inchi inasema nini ? »

Siku ile hatukuweza kumjibu vizuri, na tuliona haya. Kwa hiyo tuliichukua Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tukaisoma kifungu kwa kifungu, kama mtu anavyosoma kitabu kusudi apime uzuri wake na upungufu wake. Leo tunawaletea hukumu yetu.

Katiba hiyo wananchi waliipigia kura siku ya 18 na 19 Desemba 2005, ikatangazwa tarehe 18 Februari 2006. Ina vifungu 229. Vingine viligeuzwa tarehe 20 Januari 2011, lakini vile tunavyovisema hapa havikuguswa siku ile. Tutatazama mambo mawili tu : utumishi wa Serikali, na udongo. Mtu atauliza : mambo hayo mawili yana udugu gani ? Yana udugu sana. Shamba halipotei lenyewe. Kila shamba lililopotea, kuna mkono ulioandika, na mara nyingi mkono huo ni wa mtumishi wa watu wote.

Tuanze na utumishi. Kifungu cha 193 kinasema ya kuwa kazi ya Serikali haina chama, haina upande, wala haimpendelei mtu. Na hakuna ruhusa kwa yeyote kuigeuza kwa faida yake mwenyewe au kwa faida ya kundi lake. Maneno hayo ni machache na ni mazuri. Hata mtoto wa shule anaweza kuyashika kwa moyo. Yanasema wazi ya kuwa meza ya karani si meza ya nyumbani kwake, na muhuri si mali yake. Mwananchi anayeombwa matabishi kusudi karatasi yake isilale chini ya zingine, anaweza kukumbuka kifungu hicho na kujua ya kuwa hakuja kuomba huruma, alikuja kudai haki.

Sasa udongo. Kifungu cha 9 kinasema ya kuwa Leta ina mamlaka ya kudumu juu ya udongo, juu ya vitu vilivyo chini ya udongo, juu ya maji na misitu. Kinaongeza ya kuwa namna ya kuvitunza na kuvigawa itawekwa na sheria. Kifungu cha 34 kinasema ya kuwa mali ya mtu ni takatifu. Leta inalinda mali ya mtu mmoja na mali ya watu wengi pamoja, iliyopatikana kwa kufuata sheria « au desturi ». Tena kinasema ya kuwa mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa faida ya watu wote, na alipwe kwanza fidia ya haki.

Angalieni vizuri lile neno « au desturi ». Ni neno dogo, lakini kwetu vijijini ndilo kubwa kuliko yote. Baba yule hana cheti cha mjini. Alicho nacho ni desturi : babu alifyeka, majirani wanajua mpaka, mzee wa ukoo anashuhudia. Katiba haikumwambia ya kuwa desturi yake ni upuuzi. Imeiweka bega kwa bega na sheria. Kwa neno hilo tunawasifu walioiandika.

Lakini ni lazima tuseme upungufu pia. Tangu zamani udongo wa Kongo umekuwa na maneno ya mlango mbili. Tarehe 1 Julai 1885 utawala wa Léopold II uliagiza ya kuwa nchi tupu ni mali ya Leta, na papo hapo ukasema wenyeji wasinyang'anywe wanapokaa. Lakini nani alikuwa na mamlaka ya kusema udongo huu ni tupu ? Si mwenyeji aliyeuacha upumzike miaka michache kusudi upate nguvu tena. Baadaye, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliandika katika kifungu cha 53 ya kuwa udongo ni mali ya Leta peke yake. Nayo haikuwasahau wanavijiji kabisa. Ilisema ya kuwa haki zao juu ya udongo wanaokaa na kuulima kwa desturi zitapangwa kwa amri ya Rais. Basi, Katiba mpya ilipotangazwa mwaka 2006, zaidi ya miaka 32 ilikuwa imepita, na amri ile ilikuwa haijatolewa.

Hapa ndipo lawama yetu kubwa ilipo. Katiba inasema « kwa sheria au desturi », kisha inatutuma kwa sheria. Sheria ya 1973 ilitutuma kwa amri. Amri haikuja. Mwanakijiji ni kama mtu aliyetumwa kutoka mlango hata mlango, na mlango wa mwisho haukujengwa. Na katika nafasi ile tupu, nani anakaa ? Karani anakaa. Mahali sheria inaponyamaza, karani anakuwa sheria.

Tutazame sasa mahali pale ambapo Katiba yenyewe imefunga utumishi na udongo kwa kamba moja. Ni katika vifungu vya 98 na 99, na kwa maoni yetu ndivyo vyenye meno kuliko vyote. Kifungu cha 98 kinamkataza Rais na mawaziri, wakati wakiwa kazini, kununua, kupata kwa njia yoyote au kupanga mali ya Leta, ya majimbo au ya wilaya zenye kujitawala, hata kwa kupitia mtu mwingine. Kifungu cha 99 kinawaamuru waandike mali ya jamaa yao mbele ya Korti ya Katiba, kabla ya kuanza kazi na wakati wa kuiacha. Na waandike nini ? Si pesa za banki peke yake. Kifungu kinataja viwanja visivyojengwa, misitu, mashamba makubwa, udongo wa kulima na machimbo. Walioandika maneno hayo walijua vizuri mahali ambapo utajiri wa wakubwa hujificha. Na asiyeandika mali yake kwa siku 30 anahesabiwa kuwa ameacha kazi. Hiyo ndiyo sheria yenye meno : inakataza, inaweka siku, inataja adhabu.

Lakini linganisheni na kifungu cha 193. Kinakataza, lakini hakiweki siku wala hakitaji adhabu. Waziri amefungwa mikono ; anayepima shamba, anayeandika cheti, anayepiga muhuri, yeye Katiba inamwonya tu. Lakini wangapi katika sisi tumenyang'anywa shamba na waziri uso kwa uso ? Wazee wanasema : fimbo ya mbali haiui nyoka. Vifungu vya 98 na 99 ni fimbo nzuri, lakini iko mbali, na nyoka yuko kizingitini.

Hata juu ya chifu wa desturi tunaona kimya hicho. Kifungu cha 207 kinatambua mamlaka yake na kumpa wajibu wa kuunganisha watu. Juu ya udongo anaoutunza kwa jina la ukoo, kifungu hicho hakisemi neno. Na sisi tunajua ya kuwa kuna chifu anayeulinda udongo kama mzazi, na kuna chifu anayeugawa kwa wageni usiku, ukoo ukiamka asubuhi mpaka umehamishwa.

Mtu mwenye elimu atatujibu : « Ninyi mnadai mengi. Katiba ni msingi, si nyumba nzima. Haiwezi kumtaja kila karani. » Jibu hilo lina kweli ndani yake, nasi hatutaki kudanganya wasomaji. Iko amri ya tarehe 3 Oktoba 2002 juu ya mwenendo wa watumishi wa Leta. Iko sheria ya tarehe 15 Julai 2016 juu ya kazi yao. Na ya tarehe 25 Agosti 2015 juu ya machifu. Lakini msingi ukiwa imara upande mmoja na mwepesi upande wa pili, nyumba huegemea. Wakubwa wamefungwa kwa maneno ya Katiba yenyewe, ambayo ni kazi ngumu kuyageuza. Wadogo wamefungwa kwa maneno ya chini, ambayo mwanakijiji hajapata kuyasikia hata siku moja.

Na hilo ndilo neno la mwisho la hukumu yetu. Kifungu cha 62 kinasema hakuna mtu anayehesabiwa kuwa hajui sheria. Basi, ni haki aelezwe. Kifungu cha 142 kinaiamuru Serikali kueneza kila sheria kwa kifaransa na kwa lugha nne za taifa, na kiswahili ni mojawapo, kwa muda wa siku 60. Kama amri hiyo ingetimizwa mpaka vijijini, baba yule asingalikuja kwetu na karatasi ya kufumba. Angaliisoma mwenyewe, na karani angalijua ya kuwa inasomwa.

Sasa tufanye nini ? Tusikae tukilia. Anayejua kifaransa amsomee asiyejua, bila kuomba kitu. Sheria ya 1973 yenyewe iliagiza ya kuwa kabla ya kumpa mtu udongo wa kijiji, uchunguzi ufanyike mahali pale kusudi haki za wengine zijulikane. Mkisikia wapimaji wamefika, msiwakimbie wala msiwapige. Nendeni na wazee, onyesheni mipaka, semeni majina, daini maneno yenu yaandikwe. Msingoje mpaka cheti kimetolewa. Na vijana wetu wanaotafuta kazi ya Serikali wasome kifungu cha 193 kabla ya kushika kalamu.

Baba yule alirudi tena kwetu. Tukamwambia : « Baba, sheria kubwa inasema desturi yako ni ya kweli. Lakini haikusema nani atakuja kukusaidia siku karani anapoikana. » Akatikisa kichwa, akasema : « Basi, Mwalimu, uniandikie barua. » Tukaketi, tukaanza kuandika. Kwenye mstari wa kwanza tuliweka kifungu cha 34.