Maadamu

Baba mdogo alizama mwaka juzi, usiku, nje kidogo ya Liuli, alipokwenda kuvua dagaa. Siku ya maziko mhubiri mgeni alipewa kipaza sauti. Akasoma Isaya 55:6, mstari huo mmoja tu, akafunga Biblia na kusema: huyu aliambiwa, akaahirisha, akachelewa. Mama mdogo alikuwa amekaa kwenye mkeka, hatua tatu kutoka kwenye spika.

Nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na tangu siku ile nimekuwa nikiyarudia mahubiri yale kama ambavyo ningerudia shairi. Sifanyi kejeli. Mahubiri ya msiba ni utanzu, na huku kwetu, kuanzia Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, una wasikilizaji wengi kuliko riwaya zote tunazozihakiki darasani. Basi nao uhakikiwe.

Nianze na sarufi. Isaya anaamuru: mtafuteni. Ni nafsi ya pili, wingi. Anasema na watu wanaosikia na wanaoweza kuitika. Mhubiri aliuhamishia mstari kwenye nafsi ya tatu, wakati uliopita: akachelewa. Amri ikawa hukumu, na aliyelengwa akawa mtu pekee pale asiyeweza kuitika. Sisi tuliokuwa hai, ambao mstari ni wetu, tukageuka watazamaji. Ni kweli wapo waliosogea mbele kuombewa, na sina mizani ya kupima toba yao. Ila niliowaona walikuwa wanalikimbia jeneza.

Halafu kuna neno lenyewe. Biblia ya Muungano ya mwaka 1952 imeweka "maadamu" mara mbili katika mstari huo. Kwa Kiswahili neno hili lina pande mbili. Maadamu mvua inanyesha, hatutoki: hapo ni muda. Maadamu umefika, karibu tule: hapo ni sababu. Kiebrania kina kiambishi tu, chenye maana ya "katika": katika kupatikana kwake, katika kuwa kwake karibu. Wafasiri wengi husikia muda, na hawakosei. Lakini mfasiri wa Kiswahili ametuachia na ule upande wa pili: mtafuteni kwa kuwa yu karibu. Mtu anayesikia hodi huinuka haraka, na anayefukuzwa hukimbia haraka, lakini hawaendi upande mmoja. Sura yenyewe inaanza kama mnadi wa sokoni, anayewaita wenye kiu waje wanunue bila fedha. Sehemu hiyo haikusomwa.

Sisemi haraka haipo. Aliyekulia kando ya Nyasa hahitaji kuhubiriwa jinsi upepo unavyogeuka kabla hujaifikia nchi kavu. Ninachokataa ni kuitangaza haraka hiyo kwa kutumia maiti. Katika Luka 13 watu 18 wameangukiwa na mnara wa Siloamu. Yesu anakataa kabisa kukifanya kifo chao kuwa ushahidi kwamba walikuwa waovu kuliko wengine, kisha, bila kupumzika, anawageukia walio mbele yake: tubuni. Wafu wameachwa na heshima yao, na haraka haijapungua hata chembe. Mhubiri wetu alikuwa na mfano huo ndani ya Biblia ileile aliyoifunga.

Ziwa hilihili lilimzamisha Chauncy Maples, askofu wa Likoma, mnamo Septemba 1895, miezi michache tu baada ya kuwekwa wakfu. Misheni yake haikumwita mzembe. Meli yao iliyoanza kazi mwaka 1901 waliipa jina lake. Utaniambia yule alikuwa askofu, na baba mdogo kanisani alionekana kwa nadra. Kweli, kwa nadra sana. Lakini mstari una amri ya pili ambayo siku ile haikuguswa: mwiteni. Mtumbwi ulipopinduka, baba mdogo alimwita nani? Mhubiri hakuwepo. Mimi pia sikuwepo.

Miezi kadhaa baadaye mama mdogo, ambaye miwani yake ilikuwa imevunjika, aliniomba nimsomee "ule mstari wa yule mgeni." Nikauliza kama anataka huo tu. Akasema hapana, anzia juu. Nikaanza mstari wa kwanza, nikafika kwenye maji, nikasita.

"Endelea, mwanangu," akasema.